Mwezi Ulioiba Maji ya Chilcar

Shangazi yangu Eduviges Ayavire alizaliwa mferejini. Simaanishi kando ya mfereji. Namaanisha ndani, pale ambapo maji yangepita kama wanaume wasingekuwa wameyafunga juu ili wazoe matope. Mama yake alikuwa akiwapelekea wasafishaji sufuria ya supu ya mahindi na nyama ya lama, uchungu ukamshika njiani, akaitua sufuria kwanza, akajifungua baadaye. Watu wa Chilcar hadi leo wakisimulia habari hiyo husifu kwamba supu haikumwagika.

Kwetu mfereji ndio kijiji. Nyumba ni mawe, kanisa ni mawe yenye msalaba, na pande zote ni jangwa ambalo hata mjusi hulivuka akinung'unika. Juu kabisa, chini ya jabali jeusi, kuna chemchemi. Siku za kawaida tunaiita Bibi tu. "Bibi leo kanuna." "Bibi mwaka huu kanenepa." Jina lake halisi hutajwa mara moja kwa mwaka, mwisho wa baridi, siku ya kusafisha mfereji, na hutajwa na mtu mmoja. Huyo husimama juu ya jabali, akatupa majani ya koka, akamimina pombe, akaita kila mlima na kila chemchemi kwa lugha ambayo hakuna anayeielewa tena, yeye mwenyewe akiwemo. Jina hilo sitaliandika hapa. Nimeacha chuo, sijaacha akili.

Imani yenyewe haina ugumu. Maji huenda yanakoitwa. Ndiyo maana miaka ya ukame wazee wetu waliteremka hadi baharini, wakajaza mitungi maji ya chumvi, wakapanda nayo jangwa zima hadi kwa Bibi, wakayamimina pale huku wakilitaja jina, ili bahari ijue njia. Mara nyingine mvua ilikuja. Mara nyingine walichopata ni malengelenge.

Mtaja majina alikuwa babu yangu, na alipokufa kazi ikamwangukia shangazi, kwa kuwa kaka zake, baba yangu akiwa mmojawapo, walikuwa na sauti nzuri na kumbukumbu ya kuku. Sauti ya shangazi ilikuwa kama mlango wa zizi. Lakini hakusahau hata kijilima. Aliolewa na Fermín Saire, mchimba madini, mtu mpole aliyekula vumbi la mgodi mpaka mapafu yake yakawa mawe, akarudi nyumbani kukohoa miaka michache na kufa. Akazikwa makaburini petu, ndani ya ukuta, na pembeni yake pakaachwa nafasi.

Hiyo nafasi ndiyo mali pekee ambayo shangazi alijivunia. Kila Siku ya Marehemu Wote, wakati wenzake wanapanga mikate na maua juu ya makaburi yao, yeye alikuwa anaketi kwenye ile nafasi, anamega mkate, anagombana na mumewe.

"Jisogeze, Fermín. Nimenenepa tangu ulipoondoka. Na usinikoholee."

Waliobahatika kumsikia walicheka mpaka wakapaliwa.

Niseme pia kuhusu sheria yetu, maana bila hiyo hadithi haiendi. Chilcar hatuna polisi na hatujawahi kuwahitaji. Anayeiba maji hazikwi ndani ya ukuta. Hiyo ndiyo adhabu inayotajwa hadharani. Kuna ile nyingine isiyotajwa. Nicasio Berna, aliyegeuza mfereji usiingie kwa jirani zake mwaka wa ukame, aliokotwa chini ya korongo, kichwa kimepasuka, beleshi lake limelazwa vizuri kifuani. Polisi wakaja kutoka mji wa Calama, wakaambiwa alijikwaa.

"Akajiwekea na beleshi?"

"Alikuwa mtu nadhifu sana, afande."

Basi. Shangazi alikuwa na mtoto mmoja aliyebaki hai, Casimiro. Alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni moja ya madini, nyuma ya kilima, na sisi alituambia ni mpishi wa kambi. Tulimwamini kwa sababu alikuwa ameota kitambi.

Upande wa pili, kwenye mlima mrefu, walikuwa wamekaa watu wa darubini. Hao walikuja kwetu kwanza kutuomba tuzime taa za nje, kwa kuwa mwanga wetu unawasumbua kuona mwanzo wa dunia. Tulikuwa na taa ya kanisa, taa ya duka la Zenobia Panire, na taa ya shule ambayo ilikuwa imeungua siku nyingi. Tukazima. Wao wakatushukuru sana, na baada ya kutafakari kwa kina watulipe fadhila gani, wakaamua kutuzawadia shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa kwenye mwezi. Si mwezi huu wetu; mwezi wa sayari ya Mshtarii. Mshtarii, ikaelezwa, ina miezi mingi kuliko mwanamume wa Calama alivyo na watoto wa nje, na mmoja kati ya ile mikubwa unaitwa Kalisto. Aliyetumwa kuja kueleza ni binti wa kutoka mji mkuu, Ignacia Larraguibel, daktari wa nyota, mtu mwenye haya, aliyeomba radhi kabla ya kila sentensi. Akasimamisha darubini ndogo uani kwa shule, jua lilipokwisha kuzama na kabla ya watu kwenda kula, tukapanga foleni.

Mwenyekiti wetu, Ponciano Colque, aliyekuwa na kofia ya sherehe na maoni juu ya kila kitu, akatangulia.

"Naona nukta."

"Samahani, mwenyekiti, hiyo ndiyo yenyewe."

"Tunapewa shimo ndani ya nukta?"

"Ni shimo kubwa. Mkoa wetu wote ungeingia."

"Barabara ipo?"

Daktari Ignacia akaeleza kwamba mwezi ule ni barafu na mawe, umepigwa na vimondo tangu kabla ya kuwepo kitu chochote cha maana, na kwamba makovu yake hayaponi. Miezi mingine ina joto tumboni, barafu yake inayeyuka, inafurika, inafunika mashimo ya zamani. Huu hapana. Umepoa. Kila pigo ulilowahi kupigwa liko palepale, moja juu ya jingine, mpaka hakuna mahali pa kuweka pigo jipya.

"Kama mke wa Nicasio," mtu akasema nyuma, wengine wakamwambia nyamaza.

Zamu ya shangazi ikafika. Akainama, akatazama kwa muda mrefu hata foleni ikaanza kuguna.

"Barafu ya maji?" akauliza.

"Ya maji, mama."

"Maji haya haya?"

"Haya haya. Machafu kidogo."

"Mengi?"

"Mengi kuliko bahari zote za hapa duniani."

"Na nani anayanywa?"

"Samahani. Hakuna mtu."

Shangazi akavua kofia. Nilimwona akivua kofia mara mbili tu maishani: siku hiyo na siku ya Fermín.

Zawadi yenyewe ilikuwa haki ya kulipa shimo jina, na mkutano wa kulichagua ukafanyika Jumapili. Ponciano akapendekeza jina la marehemu mama yake, na alipoona hakuna anayepiga makofi, akapendekeza la kwake. Mwalimu akataka timu ya mpira ya kijiji itukuzwe, timu ambayo haikuwa imeshinda hata mechi ya kirafiki. Ndipo shangazi akasimama.

"Maji huenda yanakoitwa," akasema. "Wazee wetu walitembea hadi baharini kuyaita. Sasa tumeletewa maji kuliko bahari, tumeulizwa tuyaiteje, nyinyi mnabishana habari za mpira. Tuipe ile barafu jina la Bibi. Jina lenyewe, lile la jabalini. Watakuwa ndugu. Nikiita hapa, wataitika wawili."

Lilikuwa wazo kubwa, na sisi hatujazoea mawazo makubwa kabla ya chakula. Zenobia mwenye duka akauliza akiwa ameketi:

"Na kama Bibi ndiye atakayeitika huko?"

"Zenobia, ni mbali," Ponciano akamjibu. "Bibi ana miguu mibovu."

Tukacheka, tukanyoosha mikono, hata Zenobia akanyoosha, maana harufu ya supu ilikuwa imeshaingia ukumbini. Shangazi akamwita Daktari Ignacia pembeni, akamnong'oneza jina sikioni. Daktari akaomba radhi, akaomba anong'onezwe tena, polepole. Kisha akaondoka nalo.

Mwaka uliofuata Bibi alikuwa kama kawaida. Wa pili yake, vitunguu saumu vikatoka vidogo kama meno ya mtoto. Baadaye zamu za maji zikaanza kukatika katikati: mtu anafungua lango la shamba lake, maji yanakuja, yanasita, yanarudi kama mgeni aliyekosea nyumba. Wenye lama wakaanza kuuza lama. Wenye vijana wakaanza kuuza vijana, yaani kuwapeleka mjini.

Kampuni ilikuwa imechimba visima nyuma ya kilima. Hilo tulilijua, kwa sababu kampuni ilituma watu wenye kofia ngumu nyeupe kutueleza kwamba maji ya kule chini si maji haya yetu. Ni mengine, ya zamani sana, hayana undugu na Bibi, hata hawasalimiani. Walikuwa na picha za rangi. Ukiwa hujaenda shule unaogopa kubishana na picha za rangi, na ukiwa umeenda kidogo na kutoroka, kama mimi, unaogopa zaidi.

Casimiro akaja likizo. Tulikuwa jikoni kwa shangazi, mimi nikimenya viazi. Ninayaandika haya leo kwa sababu Chilcar imebaki na wazee wachache waliochoka hata kurusha jiwe, na Casimiro yuko mbali nao.

"Mama," akasema, "mimi si mpishi."

"Najua. Mpishi gani anashindwa kupepeta kinoa? Ni nini basi?"

"Niko kwenye pampu. Mimi ndiye ninayeiwasha."

Shangazi akaendelea kukoroga.

"Unakumbuka ile wiki Bibi alivyojaa, mkacheza ngoma? Pampu ilikuwa imeharibika. Tulipoitengeneza, mkaacha kucheza. Ikizimwa, Bibi anapumua. Ikiwashwa, anakabwa. Nimejaribu mara nyingine nikisingizia umeme. Ni hivyo hivyo."

"Nani anajua?"

"Mhandisi. Anasema ni sadfa."

"Na huyu?" Shangazi akanigeukia na mwiko.

"Mimi niko na viazi," nikasema.

"Vizuri. Baki na viazi." Akamrudia mwanawe. "Acha hiyo kazi."

"Nikiacha wataweka mwingine. Kitufe ni kilekile. Na niliyoyatoa nimeshayatoa, mama. Miaka hii yote. Ni mimi."

Shangazi akaifunika sufuria. Hakuna aliyemtaja Nicasio Berna. Hakukuwa na haja. Kila mmoja wetu aliliona lile beleshi.

Kijijini tayari watu walikuwa wakimtafuta mwizi. Jumapili moja Zenobia akasimama na mikono kiunoni, akasema neno ambalo kila mwenye duka hungoja maisha yake yote kulisema.

"Niliwaambia."

Na kweli alikuwa ametuambia. Tulikuwa tumechukua jina la Bibi, tukalipeleka juu, tukalifunga kwenye barafu kubwa kuliko bahari zote. Maji huenda yanakoitwa. Bibi ameitwa, ameenda, na aliyetoa jina ni Eduviges. Yote yaliingiana kama ufunguo na kufuli. Nimewahi kusikiliza maprofesa wakieleza mambo kwa ustadi mdogo zaidi.

Aliyefurahi kuliko wote ni kampuni. Bwana wa mahusiano akaja mbio, kofia nyeupe, meno meupe, akasema kampuni inaheshimu mno imani za wenyeji na iko tayari kusaidia kijiji kudai maji yake kutoka huko mwezini. Akadhamini sherehe. Mwaka huo mfereji ulisafishwa na watu waliovaa kofia zenye jina la kampuni, wakizoa matope ambayo hayakuwepo, kutoka mfereji mkavu kama ulimi wa mgonjwa. Tulikula nyama ya ng'ombe.

Shangazi akapandishwa jabalini amrudishe Bibi. Akatupa koka, akamimina pombe, akaita. Milima yote aliipita mbio, hata ile anayoipenda, akakaa kwenye jina moja tu. Aliita uso ameuelekeza mashariki, Mshtarii inakochomozea, mpaka ile sauti ya mlango wa zizi ikakatika, kikabaki kifua kinapanda na kushuka. Nyuma ya kilima, tukinyamaza, ilisikika ngurumo ndogo isiyokoma. Watu walikuwa wameizoea. Casimiro alikuwa zamu.

"Hajaita kwa moyo," Zenobia akasema tukishuka.

"Labda kule wamempa nyumba," akasema mwalimu.

Mkutano wa kumhukumu shangazi ukapangwa Jumapili iliyofuata. Asubuhi ya siku hiyo gari la watu wa darubini likasimama mlangoni kwa shangazi. Daktari Ignacia akaingia jikoni akiwa na uso wa mtu aliyekimbia, ingawa alikuja kwa gari.

"Samahani, mama. Nimesikia juzi tu. Siyo kweli. Jina halikukubaliwa."

"Kaa kwanza, binti. Kunywa kitu."

"Kuna kamati, huko ng'ambo, ndiyo inayoidhinisha. Wamesema mashimo ya mwezi ule hupewa majina ya hadithi za watu wa kaskazini ya mbali tu, watu wa theluji. Ndiyo kanuni. Shimo letu lina jina la huko, sijui la shujaa gani. Jina la Bibi halijawahi kufika. Niliona aibu kuja kuwaambia. Nikadhani mmeshasahau."

Shangazi akammiminia chai ya majani ya mlimani, akaweka sukari bila kuuliza.

"Kwa hiyo mwezi haukuchukua kitu."

"Hata tone. Nitasimama leo mkutanoni niseme mbele ya wote. Hawatakuwa na la kukushtaki."

Niliona uso wa shangazi ukifunguka. Nitasema ukweli, ulifunguka, na kwa muda wa kupuliza chai alikuwa mwanamke atakayezikwa mahali pake. Halafu ukafunga.

"Usiseme."

"Mama?"

"Ukiwaambia mwezi hauna hatia, watamtafuta mwenye hatia."

"Ndiyo! Ndicho ninachotaka. Kila mtu anaweza kuona ni kampuni."

"Kampuni haina shingo, binti. Mwanangu anayo." Akamweleza habari ya pampu kwa maneno machache, kama anavyoeleza njia ya kwenda sokoni, na habari ya Nicasio Berna kwa maneno machache zaidi. "Siku wakijua mwezi haukuiba, watapanda kilima. Huko nyuma hawatamkuta mwenye kampuni. Watamkuta Casimiro, na kitambi chake."

Daktari akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Lakini ni uongo. Watakunyima kila kitu kwa uongo."

"Nyinyi mlituletea shimo," shangazi akasema. "Nilijiuliza siku nyingi shimo lina faida gani. Sasa nimeijua. Niachieni nimfukie mwanangu humo, asionekane."

Mimi nilikuwa na viazi.

Ukumbini watu walijaa, wengine bado na kofia za kampuni. Casimiro alikuwa ameomba ruhusa, akaketi benchi la nyuma. Ponciano, ambaye si mtu mbaya, ni mwenyekiti tu, akataka jambo liende kwa haki, akamwona daktari karibu na mlango.

"Daktari, wewe ndiye uliyebeba jina. Tuambie mbele ya kijiji. Liko kule, au haliko?"

Binti akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatoa uzi kwenye mkono wa sweta yake, kwa makini, kama uzi ndio ajenda.

"Liko," Daktari Ignacia akasema. Hakuomba radhi safari hii.

Basi ikawa rahisi. Ponciano akasoma hewani, maana hakuna kilichoandikwa: Eduviges Ayavire hatataja tena majina. Zamu yake ya maji, ile iliyobaki, igawanywe kwa wengine. Na akifa, asiingie ndani ya ukuta.

"Na Fermín?" shangazi akauliza.

"Fermín hana kosa. Atabaki."

"Mwambieni, basi. Mimi sitaruhusiwa kuingia, na hapendi kungojeshwa."

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Benchi la nyuma likalia. Casimiro alikuwa amesimama nusu, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Casimiro," shangazi akasema bila kugeuka, "kaa chini, utavunja benchi la watu."

Akakaa.

Shangazi hakuishi sana baada ya hapo. Wanawake waliacha kumwomba moto na kumwazima chumvi. Akipita, waliwageuza watoto uso wasije wakanyonywa hata mate, kama kijiji kilivyonyonywa maji. Siku ya Marehemu Wote alisimama nje ya ukuta, akamrushia Fermín mkate wake juu kwa juu. Mara ya kwanza alilenga vibaya, mkate ukaangukia kaburi la mama yake Ponciano, na Ponciano akaja kulalamika nyumbani. Baridi ilipoingia, kifua kikamshika. Casimiro akaomba kumpeleka hospitali Calama, akakataa, akisema kule kuna taa nyingi mno. Alikufa asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni, na maji hayo, kama yote tuliyokunywa siku hizo, yalikuwa ya lori la kampuni.

Tulimzika nje ya ukuta. Casimiro alipanda juu ya ukuta, akalala kifudifudi, akapima kwa macho kaburi la baba yake liko wapi, kisha akashuka upande wa nje akachora mstari kwa kisigino. Ilikuwa sambamba kabisa. Kati yao ukawa ukuta tu. Ardhi ilikuwa ngumu. Tulichimba wawili, mimi na yeye, mpaka mikono ikatoka damu. Ponciano alikuja akavua kofia ya sherehe, akasimama mbali kidogo. Zenobia alileta mkate. Hakujua aweke wapi, akauacha juu ya ukuta.

Jioni ile ile Casimiro alirudi kazini. Najua alichofanya kwa sababu aliniambia, na kwa sababu nilinyamaza barazani kwa mara ya kwanza baada ya miaka nikasikia hakuna ngurumo. Alizima pampu, akang'oa kitufe, akakitia mfukoni, akaketi juu ya mtambo akala mkate wa mazishi. Alitaka mama yake apate maji. Basi, hakuwaza zaidi ya hapo.

Kulipokucha, maji yakashuka. Kwanza yalisukuma vumbi mbele yake, halafu majani makavu, halafu yenyewe, ya kahawia, kisha meupe. Mfereji wetu unapita nje ya ukuta wa makaburi, upande ule ule, kwa hiyo yalimpitia shangazi miguuni. Fermín hakupata tone. Kijiji kizima kikatoka. Watu walikuwa wanapiga magoti wanakunywa kama lama, wanamwagiana, wanalia. Mwalimu alicheza peke yake na beleshi. Na Zenobia akasimama juu ya tuta, uso umelowa, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala:

"Mnaona. Kafa mchawi, mwezi umerudisha."

Mimi nilitaka kubisha, nikamwona Casimiro anashuka njia ya kilimani, kitufe mfukoni, anawatazama watu wanavyofurahi. Alikuwa amesikia. Angelisema lolote, beleshi lilikuwa palepale, linacheza na mwalimu. Na angelisema, mama yake angekuwa amekufa bure. Akachota maji kwa kiganja, akanywa na wenzake.

Kampuni ilipata kitufe kingine. Jumanne maji yakasita, yakarudi, yakatuachia mfereji wenye unyevu na harufu ya matope. Casimiro akafukuzwa kazi. Kijijini akasema ameunguza chakula.

Ponciano akaitisha mkutano. Alikuwa amefikiri sana, akaeleza vizuri, na wote tukaona mantiki yake: kifo kimeleta maji, lakini maji hayakukaa, kwa hiyo tatizo si kifo, ni umbali. Kaburi liko karibu mno na mfereji. Bibi akipita pale anasikia jina lake kwenye kifua cha yule mama, anakumbuka mwezi, anaondoka tena.

"Huenda hatukumzika mbali vya kutosha," akasema.

Tukanyoosha mikono. Jumapili tukamfukua, tukamhamishia kule ng'ambo ya korongo, ambako hakuna njia wala mti wala mfereji wala ukuta. Casimiro alishika upande wa kichwa, mimi miguu, na watu wakasema yule kijana ana moyo, kumbeba mama yake hivyo bila neno. Ni mwendo mrefu. Hatukupumzika. Alikuwa mwepesi sana, amekauka.